Tuliambiwa ni wa Kiume: Niliyojifunza kwa Mtoto Wetu Aliyezaliwa na Jinsia Tata

Kama mkunga amekuambia kwamba sehemu za siri za mtoto wako mchanga hazieleweki, au amekuambia ni wa kiume ila korodani zote mbili hazishikiki, usikubali kuruhusiwa kwenda nyumbani kabla mtoto hajapimwa sodiamu na potasiamu kwenye damu. Nimelitanguliza hili kwa sababu mwenye mtoto wa wiki moja hana nafasi ya kusoma habari zangu zote. Kipimo hicho kinafanyika kwenye hospitali kubwa za hapa Dodoma, majibu yake hayachukui muda mrefu, na ndicho kinachoonyesha kama mtoto ameanza kupoteza chumvi kiasi cha kuwa kwenye hatari ya kufa. Siku za mwanzo kinaweza kuonekana sawa, kwa hiyo uliza lini kirudiwe. Swali la kama ni wa kike au wa kiume linaweza kungoja wiki kadhaa. Chumvi ya damu haingoji.

Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Bahi, na familia yangu inaishi Nkuhungu, Dodoma mjini. Mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, alitutoka kabla hajatimiza mwezi. Alitapika, akanyong'onyea, akaondoka. Kijijini kwetu walisema amebemendwa, na anayejua maneno hayo anajua yanavyoingia kwenye ndoa changa: kwamba mmoja wetu alitoka nje wakati mtoto ananyonya. Tulimzika. Mke wangu akakaa kimya muda mrefu, na mimi nikajizika kwenye kusahihisha madaftari.

Wa pili alizaliwa kwenye kituo cha afya ambacho sitakitaja. Mkunga alimwinua akasema, "Hongera mama, dume hilo." Nilipiga simu nyumbani nikiwa bado nje ya wodi, na baba yangu akampa jina la babu yake palepale. Kadi ya kliniki ikaandikwa ME.

Mke wangu ndiye aliyeanza kuona. Akimwogesha aliona chuchu za mtoto na ngozi ya sehemu za siri ni nyeusi mno kuliko mwili wake wote. Mkojo haukutokea kwenye ncha, ulitokea chini kabisa. Pale ambapo pangekuwa na korodani palikuwa patupu. Alipouliza, akaambiwa zitashuka zenyewe. Ni kweli kwamba kwa watoto wengi wa kiume korodani iliyochelewa hushuka yenyewe katika miezi ya mwanzo, kwa hiyo jibu lile halikuwa la kubuni. Lakini tundu la mkojo likiwa chini na korodani zote mbili hazipo, hilo ni jambo jingine kabisa, na linataka daktari siku hiyohiyo. Sisi hatukulijua hilo. Mama yangu alisema weusi ule ni wa ukoo, mtoto amemchukua babu, na sote tukafurahi.

Wiki ya pili akaanza kuacha ziwa. Ananyonya kidogo, anatapika, analala. Kwenye mizani alikuwa chini ya uzito aliozaliwa nao. Malaria haikuonekana, tukapewa dawa ya maambukizi ya mkojo. Jirani akaleta mizizi ya kuchemsha ya dawa ya mchango, kwa moyo mwema kabisa. Usiku mmoja utosi wake ulikuwa umebonyea, macho yameingia ndani, na alipolia sauti haikutoka. Mke wangu akasema, "Mwalimu, huyu anaondoka kama yule." Tukachukua bajaji hadi hospitali ya rufaa.

Daktari wa zamu alikuwa kijana, pengine ametoka chuo juzi tu. Alimfungua mtoto nepi, akampapasa kinena upande mmoja, akaja upande wa pili, akarudia tena polepole. Hakusema neno lolote kuhusu jinsia. Akatoa damu, akaagiza dripu ya maji ya chumvi, kisha akavuta kiti akakaa. "Mama, baba, samahani kwa kuuliza. Mmewahi kupoteza mtoto mchanga?"

Mke wangu ndiye aliyejibu. Alieleza yote, kutapika, kunyong'onyea, uzito uliokuwa unashuka. Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyowahi kuniambia mimi kuhusu yule mtoto. Kijana yule aliandika, akaweka kalamu chini, akasema pole, akatulia kidogo kabla ya kuinuka. Majibu yakaja: sodiamu imeshuka sana, na potasiamu imepanda kiasi cha kuweza kuusimamisha moyo. Akamchoma haidrokotizoni bila kungoja kipimo kingine. Kulipokucha mtoto alikuwa anatafuta ziwa.

Ugonjwa wenyewe madaktari huutaja kwa herufi tatu, CAH. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, adrenali. Hutengeneza kotisoli, ambayo huuwezesha mwili kustahimili maradhi na njaa. Aldosteroni, ambayo huzuia chumvi isipotelee kwenye mkojo. Na kiasi kidogo cha homoni za kiume. Kwa watoto hawa kimeng'enya kimoja kinachosaidia kuunda kotisoli na aldosteroni kina hitilafu, hivyo hazitoshi. Ubongo huisukuma tezi ifanye kazi zaidi na zaidi, na malighafi inayorundikana hugeuka homoni za kiume. Mtoto wa kike, mwenye kizazi na ovari zake kamili, hukua ndani ya homoni hizo tangu tumboni na kuzaliwa akiwa na sehemu za nje zinazofanana na za mvulana. Msukumo huohuo wa ubongo ndio unaotia ngozi weusi ule tuliousifia.

Mvulana mwenye ugonjwa huu huzaliwa akionekana wa kawaida kabisa. Hakuna anayemshuku. Chumvi inapomwishia wiki ya pili au ya tatu, anakufa kwa kile ambacho watu wataita kuhara, homa, mchango, au kubemendwa. Daktari aliyasema hayo kwa uangalifu, kwamba bila vipimo hawezi kuapa kuhusu mtoto wetu wa kwanza, ila inawezekana sana. Tulitoka nje, tukakaa kwenye benchi lililo karibu na bomba la kufulia, na mke wangu akalia kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Mimi pia. Miaka yote ile tulikuwa tumebeba tuhuma ambayo hakuna aliyeithibitisha na hakuna aliyetufutia.

Hukadiriwa kwamba duniani mtoto mmoja katika kila 10,000 hadi 20,000 huzaliwa na CAH. Marekani na nchi nyingi za Ulaya hupima kila mtoto kwa tone la damu ya kisigino siku za mwanzo, na hivyo wavulana wao huokolewa kabla hawajaanza kutapika. Sisi hatuna upimaji huo kwa kila mtoto. Kinachowaokoa baadhi ya mabinti wetu ni kwamba maumbile yao yanashangaza, na mtu mwenye ujuzi akashtuka mapema.

Utrasaundi ilifanyika mtoto alipotulia. Daktari aligeuza skrini upande wetu akaweka kidole: "Mwalimu, hiki ni kizazi." Nilikiona, kivuli kidogo nyuma ya kibofu. Nataka kuwa mkweli hapa. Nilimshukuru Mungu kwamba mtoto ni mzima, na wakati huohuo nikamlilia mwana ambaye nilikuwa nimeupigia simu ukoo kumtangaza. Hisia zote mbili zilikaa pamoja kwa miezi. Ukizipata usijione mzazi mbaya, na usimfiche mwenzako; sisi tulipozisema kwa sauti ndipo zilipoanza kulegea.

Cheti cha kuzaliwa tulikuwa hatujachukua, na hilo lilitusaidia. Sheria inataka kizazi kisajiliwe ndani ya miezi mitatu, lakini usajili wa kuchelewa upo. Ushauri wangu ni kwamba mkiwa na shaka, ngojeni majibu ya kromosomu, yaani kipimo cha chembe za urithi, mwombe daktari barua yenye muhuri inayoeleza hali ya mtoto, ndipo mwende kusajili. Kadi ya kliniki tuliibadilisha kwa barua hiyo. Jina la babu tuliliweka likawa la ubini, tukampa jina jipya ambalo huku kwetu wanaitwa nalo wasichana na wavulana. Lilitupa nafasi ya kupumua wakati watu bado wanauliza maswali.

Tukija kwenye fedha. Kipimo cha homoni na cha kromosomu vilipelekwa nje ya mkoa, na vilikula mshahara wangu na sehemu ya mkopo wa SACCOS ya walimu. Nguruwe waliokuwa Bahi waliuzwa. Lakini vipimo hivyo hulipiwa mara moja. Kinachowachosha wazazi ni dawa, kwa sababu ni ya kila siku mpaka mwisho wa maisha. Haidrokotizoni ya vidonge hupatikana kwa kuwinda. Fludrokotizoni, inayoshika nafasi ya aldosteroni, ni ngumu zaidi. Zote mbili zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na bado nimezunguka maduka ya dawa ya mjini kote nikarudi mikono mitupu. Kwa miaka mingi zilitufikia zikiwa kifurushi kwenye basi kutoka Dar es Salaam, mimi nikimngoja kondakta stendi.

Nawasihi sana wenzangu: msingoje chupa ibaki na vidonge vichache. Wekeni akiba ya angalau mwezi mmoja mbele. Muuza dawa akisema hana haidrokotizoni lakini ana prednisoloni, "ni jamii moja", msibadilishe kwa maneno yake. Daktari anaweza kuitumia pale ambapo nyingine haipo kabisa, ila ina nguvu kuliko haidrokotizoni na inaweza kumdumaza mtoto, kwa hiyo kipimo chake ni kazi ya daktari. Na msiache dawa ghafla hata siku moja kwa sababu mtoto anaonekana mzima. Anaonekana mzima kwa sababu ya dawa.

Kidonge cha mtu mzima kilikuwa kikubwa kwa mtoto wa kilo tatu. Mke wangu alikiweka kwenye sahani nyeupe, akakikata kwa wembe mpya, vipande akavilinganisha kwa macho, kile cha saa hiyo akakisaga kwa mgongo wa kijiko mpaka kikawa vumbi, akalichanganya na matone ya maziwa yake na kumnywesha kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Asubuhi, mchana, usiku. Chumvi ya mezani tulipimiwa hospitali, tukaonyeshwa kiasi cha kuyeyusha kwenye maji ya kuchemsha, na tukaonywa tusikisie. Mtoto akipata homa, dozi ya haidrokotizoni huongezwa mara mbili au tatu kama daktari alivyoandika. Akitapika dawa, anahitaji sindano, haraka. Sindano hiyo tumefundishwa kuchoma wenyewe na iko nyumbani muda wote.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyetuandaa nalo: kutazamwa. Kwenye wodi moja walikuja wanafunzi wa udaktari, wakamzunguka, mmoja akatoa simu. Mke wangu akamfunika mtoto kwa khanga akasema, "Hapana, wanangu. Huyu ni mtu." Mzazi ana haki ya kuuliza kila anayeingia ni nani, kuomba wabaki wanaomhudumia tu, na kukataa picha. Uliza kwa heshima, lakini uliza.

Halafu likaja suala la kisu, na hapa nitakaa kidogo.

Shangazi yangu alipomwona mtoto hakushtuka hata kidogo. Alinivuta pembeni akasema, "Mwanangu, hiyo ni lawalawa. Yuko mama mmoja, anaimaliza asubuhi moja." Kwa wasio wa mikoa hii, lawalawa ni muwasho na upele wa sehemu za siri za mabinti, na wazee wengi wa Dodoma na Singida waliamini dawa yake ni kukeketa. Muwasho wenyewe ni maambukizi ya kawaida yanayotibika kwa dawa. Ukeketaji wa aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai Tanzania tangu 1998. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta asilimia 47 ya wanawake wa mkoa wa Dodoma wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Ule wa 2022 ukakuta asilimia 18. Kwa hiyo shangazi hakuwa mtu wa ajabu. Alikuwa anasema alichofundishwa, kwa upendo. Nilimkatalia, na nikamwambia mbele ya mke wangu ili kesho asije akamzunguka.

Muda si mrefu daktari mmoja wa upasuaji akatushauri mambo yaliyokaribiana na yale, kwa ganzi na mkono wa kitaalamu: kupunguza kinembe na kutengeneza njia ya uke mapema, "kabla hajapata akili ya kukumbuka". Sikutaka kumfananisha na ngariba. Yeye alisoma, na alikuwa anafikiria binti atakavyochekwa bwenini. Ila nilitoka mle nikijiuliza, na sijaacha kujiuliza: kama nimemzuia shangazi kwa sababu kiungo ni cha mtoto na yeye hajaulizwa, namruhusu mwingine kwa sababu gani?

Bingwa wa homoni za watoto tuliyempata Muhimbili alitupa muda. Alisema yako mambo yanayolazimisha upasuaji mapema, kama mkojo kushindwa kutoka vizuri au maambukizi yanayojirudia. Binti yetu hakuwa nayo. Alisema kinembe kina mishipa ya fahamu, na mkono wa mtaalamu nao unaweza kuipunguzia hisia. Na kwamba njia ya uke iliyotengenezwa utotoni mara nyingi huhitaji kurekebishwa tena baada ya balehe. Alitueleza kwamba madaktari wa nchi nyingi walikutana Chicago mwaka 2005, na makubaliano yao yaliyochapishwa 2006 yalitaka familia zielezwe ukweli wote, uamuzi ufanywe na timu, na upasuaji ufikiriwe kwa watoto walioathirika sana tu, ukilenga kiungo kifanye kazi kuliko kionekane vipi. Hakutuficha kwamba binti yetu angeweza kuhesabiwa miongoni mwa walioathirika sana. Wapo madaktari wema ambao wangemfanyia. Uamuzi ulikuwa wetu, na tuliamua kungoja aweze kusema mwenyewe.

Kilichonisukuma zaidi ni habari ya David Reimer wa Winnipeg, Kanada. Alizaliwa 1965, mmoja wa mapacha wa kiume, na tohara iliyoharibika ikamwondolea uume akiwa mchanga. Mwanasaikolojia John Money aliwashauri wazazi wamlee kama msichana. Akafanyiwa upasuaji, akapewa jina la kike, na kwa miaka mingi dunia ya tiba ikaambiwa jaribio hilo limefanikiwa. Halikufanikiwa. Alikataa usichana tangu mdogo, akiwa kijana akarudi kuishi kama mwanamume, na akajiua 2004. Yeye hakuzaliwa na jinsia tata, lakini mafundisho yaliyojengwa juu yake ndiyo yaliyowapa madaktari ujasiri wa kuwakata watoto kama wangu na kuwaambia wazazi wanyamaze.

Siku tulipokaa kikao cha ukoo, baba alitaka mtoto abaki dume kama alivyotangazwa. Mama aliuliza mkosi umetoka upande gani. Nilichora kwenye daftari. Kila mzazi amebeba nakala moja mbovu ya jeni na hana dalili yoyote. Wakikutana wawili, kila mimba ina uwezekano wa mmoja kati ya wanne wa kutoa mtoto mgonjwa. "Baba, nusu imetoka kwangu, na yangu imetoka kwako au kwa mama." Alikitazama kile kichoro kwa muda, akaomba aelezwe tena kuhusu yule wa kwanza. Baada ya hapo hakuna aliyemnyooshea mke wangu kidole. Jirani yetu mzee kutoka Kondoa, Mwislamu, alisema vitabu vya fikihi vimezungumza juu ya huntha, yaani mtu wa jinsia tata, karne nyingi, mirathi yake na ibada yake, kwa hiyo haoni cha kushangaa. Maneno yale yalimtuliza baba kuliko michoro yangu.

Nje ya nyumba mambo ni magumu zaidi, kwa sababu watu wamesikia mabishano ya Ulaya na Marekani na wanaichukulia kila habari ya jinsia kuwa ni habari moja. Mwenzangu mmoja ofisini alisema nimeleta mambo ya Kizungu. Nilimweleza kwamba mtoto wangu alizaliwa Dodoma na alikuwa anakufa kwa kukosa chumvi.

Mabishano yenyewe nimeyafuatilia, kwa sababu yanagusa dawa ambazo huenda binti yangu akazihitaji. Yanahusu zaidi vijana wanaojitambua kuwa wa jinsia tofauti na waliyozaliwa nayo, hata kama miili yao haina hitilafu ya kuzaliwa, na kama madaktari wawape dawa za kuzuia balehe na homoni kabla hawajawa watu wazima. Uingereza ilipokea Aprili 2024 ripoti ya daktari wa watoto Hilary Cass, iliyosema ushahidi wa faida za tiba hizo kwa vijana hao ni hafifu. Mwezi mmoja kabla, huduma ya afya ya umma ya England ilikuwa imeacha kutoa dawa za kuzuia balehe kwa vijana hao kama tiba ya kawaida. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kiliendelea kuzitetea. Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji 6 dhidi ya 3, iliiacha isimame sheria ya jimbo la Tennessee ya 2023 inayozuia tiba hizo kwa walio chini ya miaka 18.

Dawa hizohizo za kuzuia balehe zilikuwa zikitumika tangu zamani kwa watoto wanaobalehe mapema mno, na mtoto wa CAH asiyepata dozi sawasawa anaweza kuwa mmoja wao. Sheria ya Tennessee inamruhusu. Inaruhusu pia upasuaji kwa hitilafu za kuzaliwa. Kwa hiyo kijana wa miaka 16 anayeomba tiba anazuiwa kwa hoja kwamba hajakomaa kuamua, na mtoto wa miezi 6 asiyeweza kuomba chochote anaweza kukatwa. Sina utaalamu wa kumwamulia kijana wa Tennessee, na wazazi wake nawaonea huruma kwa sababu najua kukosa usingizi kunakuwaje. Lakini anayesema kwa dhati kwamba mwili wa mtoto usiguswe mpaka aelewe, namwomba aanzie kwa mchanga. Malta ilipiga marufuku upasuaji wa aina hiyo usio na ulazima mwaka 2015. Wakenya, majirani zetu, waliwahesabu watu wa jinsia tata kwenye sensa ya 2019 wakapata 1,524, na Sheria yao ya Watoto ya 2022 inamtaja mtoto wa jinsia tata kwa jina.

Wapo pia wanaowatumia watoto kama wangu kushindia hoja zao, upande huu na ule. Siwapendi wote wawili. Hali hizi ni nyingi na hazifanani. Ya Caster Semenya, mwanariadha wa Afrika Kusini, ambayo wengi wetu ndiyo tuliyoisikia kwanza, si CAH. Wasichana walio wengi wenye CAH hukua wakijiona wanawake. Wachache hujitambua wanaume. Binti yangu sasa yuko shule ya msingi na anajiona msichana bila shaka yoyote. Ikiwa siku moja atasema vingine, hakuna kilichoondolewa mwilini mwake ambacho atakuja kunidai.

Tunamwambia ukweli kwa kadiri ya umri wake. Aliuliza kwa nini binamu zake huoga pamoja, ila yeye huoga peke yake. Mama yake akamjibu kwamba tezi zake zilifanya kazi tofauti alipokuwa tumboni, kwamba mwili wake ni wake, na kwamba akitaka kuoga na wenzake au asitake, yeye ndiye wa kuamua. Akasema hataki, maji ya pamoja ni machafu, akaenda kucheza. Shuleni wanaojua ni mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa, na wanachojua ni hiki tu: ana ugonjwa wa tezi, akitapika au akizimia wanipigie na wamkimbize hospitali na kadi iliyo kwenye begi lake. Kadi hiyo imeandikwa jina la ugonjwa, dawa, dozi ya sindano na namba zetu. Habari za maumbile yake hazimsaidii mwalimu kumwokoa, kwa hiyo hazikuandikwa.

Kliniki ya Dar es Salaam imekuwa nyepesi tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024. Zamani tulikuwa tukimaliza siku nzima kwenye basi na mtoto mgonjwa, dawa zimefungwa kwenye kitambaa chenye maji ili joto la njiani lisiziharibu.

Mke wangu alipopata mimba nyingine tuliogopa sana. Tulimwambia daktari mapema, tukapanga kujifungulia hospitali kubwa, na barua ikawekwa kwenye faili lake. Akazaliwa mvulana, wa kawaida kwa kila jicho. Mkunga alisema huyu hana tatizo. Tulionyesha barua, akapimwa, na majibu yakasema anao. Alianza dawa kabla hajatapika hata mara moja. Sasa anakimbia uani na gharama zetu zimekuwa mara mbili.

Mzazi wa Dodoma, Singida au popote huku katikati mwenye wasiwasi huu, anza na kliniki ya watoto ya hospitali ya rufaa. Omba sodiamu na potasiamu, kisha utrasaundi, kisha uliza kuhusu kipimo cha homoni kinachoitwa 17-OHP. Nenda na kadi zote za kliniki za watoto wako. Ya yule aliyefariki pia, kama bado unayo.